Mkanda wa wampum si pambo: kuyaelewa maonyesho ya amani ya Wahaudenosaunee

Kando ya Ziwa Onondaga, nje kidogo ya mji wa Syracuse katika jimbo la New York, kuna kituo cha makumbusho kiitwacho Skä•noñh. Kilifunguliwa mwaka 2015 mahali palipokuwa na makumbusho ya aina nyingine kabisa: ngome ya kuigiza, iliyojengwa kuwakumbuka Wajesuiti wa Kifaransa waliofika ziwani hapo mwaka 1656. Katika ile ya zamani wenyeji walikuwa wahusika wa pembeni ndani ya hadithi ya wageni wao. Siku hizi Waonondaga wenyewe, taifa mojawapo la Wahaudenosaunee, ndio wanaosema. Syracuse imepokea familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo na za Wabantu wa Somalia, kwa hiyo wapo wasomaji wa Kiswahili ambao ziwa hilo ni la jirani tu.

Anayeingia katika maonyesho ya namna hii, yawe hapo ziwani, yawe Ganondagan, kituo cha Waseneca, au katika jumba la sanaa la mji mkubwa, atakuta mambo yale yale yakijirudia. Mti wa msonobari wenye tai kileleni. Mikanda ya shanga za zambarau na nyeupe, yaani wampum. Maneno marefu ya shukrani kwa maji, samaki, upepo na jua. Wengi hutoka wakisema kwamba hawa ni watu wapenda amani na mazingira. Hawajakosea, ila hawajaelewa kitu bado. Kinachoonyeshwa pale ni katiba pamoja na utaratibu wa kuiendesha, na baadhi ya hivyo vinavyoonekana kama mapambo ni kumbukumbu za mikataba ambayo upande mmoja haujawahi kuiona kuwa imekwisha.

Tuanze na wenyewe. Haudenosaunee ndilo jina wanalojiita, watu wa jumba refu. Wafaransa waliwaita Iroquois na jina hilo likashika vitabuni. Ni shirikisho la mataifa matano yaliyoichukua nchi yao yote, yaani sehemu kubwa ya jimbo la New York la leo, kama nyumba moja. Wamohawk hulinda mlango wa mashariki, Waseneca mlango wa magharibi, na Waonondaga wako katikati, kwenye moto wa baraza. Waoneida na Wacayuga wako baina yao. Watuscarora, waliotoka kusini baada ya kushindwa vita na walowezi wa Carolina, walipokewa kuwa taifa la sita mwanzoni mwa miaka ya 1720. Baada ya vita vya uhuru wa Marekani sehemu kubwa ya Wahaudenosaunee ilihamia Kanada, kwenye bonde la Mto Grand, na wako huko hadi leo.

Kabla ya shirikisho, masimulizi yanasema, mataifa haya yalikuwa yakimalizana kwa visasi. Mtu aliyeleta amani alitoka upande wa kaskazini wa Ziwa Ontario, akavuka kwa mtumbwi wa jiwe jeupe. Jina lake lipo, lakini wenyewe hawapendi litajwe nje ya shughuli rasmi, kwa hiyo nasi tumwite Mpatanishi kama wanavyomwita wao mbele ya wageni. Alikuja lini? Wapo wanaosema mwaka 1142, kwa kuwa masimulizi yanataja kupatwa kwa jua, na wapo wanahistoria wanaoliweka tukio hilo katika karne ya 15 au ya 16. Ni ubishi wa kufurahisha, lakini haubadilishi chochote katika mafundisho yenyewe.

Wa kwanza kuukubali ujumbe wake alikuwa mwanamke, Jigonsaseh, ambaye nyumba yake ilikuwa kando ya njia ya wapiganaji na ambaye aliwapikia wa pande zote bila kuuliza wanakwenda kumuua nani. Mpatanishi alimwambia aache kuwalisha watu wa vita. Alipokubali, wanawake walipewa nafasi ambayo hawajaipoteza mpaka leo: mama wa ukoo ndiye anayemteua chifu, ndiye anayemwonya akienda kombo, na baada ya maonyo matatu ndiye anayemwondoa. Chifu huvishwa pembe za paa siku ya kutawazwa, na kuondolewa kwake husemwa kuwa ni kuvuliwa pembe. Kwa hiyo ukiona pembe katika mchoro au sanamu ya Kihaudenosaunee, usidhani msanii anazungumzia uwindaji. Anazungumzia cheo, na mara nyingi anamzungumzia mama aliyekitoa.

Wa pili ni Hiawatha, na hapa inafaa tukae kidogo. Hiawatha alifiwa na binti zake mmoja baada ya mwingine, akaondoka kijijini akaingia msituni kama mtu aliyepotewa na akili. Huko, ukingoni mwa maji, aliokota makombe, akayatunga kwenye mabua, akayaning'iniza kwenye kijiti mbele ya moto wake. Akasema peke yake kwamba kama angemkuta mtu mwenye msiba kama wake, angeuchukua kila uzi akamwambia maneno ya kumfariji. Usiku baada ya usiku aliyarudia hayo na hakuna aliyekuja. Mwisho Mpatanishi alifika, akamsikia, akazichukua zile nyuzi kijitini na kumwambia Hiawatha maneno yake mwenyewe. Uzi wa kwanza: nayafuta machozi yako upate kuona. Wa pili: nakizibua kilichoziba masikio yako upate kusikia. Wa tatu: naiondoa donge kooni mwako upate kupumua na kusema.

Huo ndio mwanzo wa wampum kwa masimulizi yao, na ndio mwanzo wa siasa yao pia. Amani inaanzia kwa mfiwa. Mwenye macho yaliyojaa machozi na koo lililokaza atatafuta wa kumlipizia tu. Mketishe barazani ukitaka, hutapata shauri kwake. Kwa hiyo anahudumiwa kwanza. Na huu haukubaki utu wa mtu mmoja kwa mwenzake. Uligeuzwa sheria: chifu akifa, upande mmoja wa shirikisho ndio unaoufariji upande mwingine kwa maneno hayo hayo kabla mrithi hajasimikwa. Katika karne ya 17 na ya 18 maofisa wa Kiholanzi na wa Kiingereza waliokuja kuzungumzia biashara au ardhi nao walilazimika kuufuata utaratibu huo. Gavana aliyefika na haraka zake alikaa chini, akafutwa machozi, akazibuliwa masikio, na yeye akawafanyia wenyeji vivyo hivyo, ndipo mazungumzo yakaanza.

Wa tatu ni Tadodaho, chifu wa Onondaga, mchawi na muuaji, ambaye mwili wake ulikuwa umepinda na nywele zake zilikuwa nyoka. Wachoraji wanampenda, na si vigumu kuona kwa nini. Lakini uzito wa hadithi uko katika namna alivyoshindwa. Hakuuawa. Walimwendea wakiimba, wakamnyoosha mwili, Hiawatha akazichana nywele zake mpaka nyoka wote wakaisha. Kisha wakampa uenyekiti wa Baraza Kuu. Cheo hicho bado kipo na bado kinaitwa kwa jina lake. Ukitafakari kidogo utaona ni hesabu ya kisiasa kali sana: aliyekuwa na uwezo wa kuharibu kila kitu amekabidhiwa kazi ambayo haifanyiki bila kila kitu kuwa kizima.

Baada ya hapo ndipo mti ulipopandwa ziwani Onondaga. Ni msonobari mweupe, ambao sindano zake huota tano tano katika kila kishada, nao waliona humo mataifa yao matano. Silaha zilitupwa chini ya mizizi yake. Mizizi minne meupe ilielekea pande nne za dunia, ili yeyote atakayeukuta mzizi aweze kuufuata mpaka kivulini. Tai aliwekwa juu kwa kuwa anaona hatari ikiwa bado mbali. Hayo yote utayakuta yamechongwa kwenye mawe, yametungwa kwa shanga na kupigwa chapa kwenye fulana.

Sasa tuutazame mkanda wenyewe. Ule unaoitwa mkanda wa Hiawatha una safu 38 na shanga zaidi ya 6,500. Kila ushanga ni kijiti chembamba kisichozidi urefu wa punje ya mchele, kilichochongwa na kutobolewa kutoka kwenye kombe la bahari. Zambarau inatoka kwa chaza aitwaye quahog, na si kombe zima: ni sehemu ndogo tu ya ukingo wa ndani iliyo na rangi. Nyeupe hutoka kwa konokono wa baharini. Vyote hupatikana pwani ya Atlantiki, mbali na nchi ya ndani walikokaa wengi wa watu hawa. Katika mkanda huo uwanja ni wa zambarau. Katikati umesimama mti mweupe, nao ni Onondaga. Pande zake mbili kuna miraba minne myeupe mitupu, kila mmoja taifa, na yote imeunganishwa na mstari mweupe. Mstari huo haukomi kwenye miraba ya mwisho. Unaendelea mpaka ukingo wa mkanda pande zote mbili, kwa maana kwamba taifa jingine likitaka kuingia, njia iko wazi. Mwaka 2010 serikali ya Marekani iliuchapa mchoro huo mgongoni mwa sarafu yake ya dola moja. Mtu aliyeipokea sarafu hiyo kama chenji dukani alishika katiba ya watu wengine mkononi.

Hapa kuna utata unaowachanganya wengi. Vitabu vya shule viliwahi kuieleza wampum kuwa fedha ya Wahindi Wekundu. Walowezi kweli waliigeuza fedha: katika karne ya 17, makoloni ya Kiingereza na ya Kiholanzi yakiwa na upungufu wa sarafu, shanga hizo zilikubaliwa kisheria kulipia madeni. Sisi tunalielewa jambo hilo kwa urahisi, kwa kuwa kauri za Bahari ya Hindi zilitumika kununulia vitu Buganda na wakati huo huo zilikuwa na kazi zake kwenye ibada na uganga, wala hakuna aliyeona mkanganyiko. Ila kwa Wahaudenosaunee kazi kuu ya wampum ilikuwa nyingine. Neno lililosemwa bila wampum mkononi halikuwa na uzito barazani. Mkanda ulishikwa wakati wa kusema, ukapokewa kwa maana ya kulikubali lililosemwa, kisha ukatunzwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kulikumbuka neno lile na kulirudia. Mkanda bila msomaji ni nusu ya waraka. Hilo ndilo tatizo la msingi la kuuweka ndani ya kabati la kioo.

Mkanda unaoonyeshwa kuliko mingine ni ule wa safu mbili: uwanja mweupe, mistari miwili ya zambarau inayokwenda sambamba bila kugusana. Mmoja ni mtumbwi wa wenyeji, mwingine ni jahazi la Waholanzi, kila kimoja na sheria zake na desturi zake, vyote juu ya mto mmoja, na hakuna anayeruhusiwa kuushika usukani wa mwenzake. Wenyewe wanasema ulifungwa mwaka 1613. Kuna karatasi ya mkataba iliyodaiwa kuwa ya mwaka huo ambayo wataalamu wengi wanaiona ya kughushi, na baadhi ya waandishi wakarukia kusema basi makubaliano yenyewe ni hadithi. Kwa maoni yangu hoja hiyo imekosea mlango. Watu ambao mkataba wao uko kwenye shanga na vinywani hawaangushwi na karatasi bandia iliyoandikwa na mtu mwingine. Mwaka 2013 wenyeji na majirani zao walipiga makasia katika safu mbili kuteremka Mto Hudson kutoka Albany, wakatua New York tarehe 9 Agosti, siku ya kimataifa ya watu wa asili.

Msanii wa Kimohawk Alan Michelson ameushughulikia mkanda huu vizuri kuliko wengi. Kazi yake ya video ya mwaka 2005, TwoRow II, iliyoko katika Jumba la Taifa la Sanaa la Kanada, inaonyesha kingo mbili za Mto Grand, mmoja juu ya mwingine, zikipita polepole katika rangi ya zambarau. Upande mmoja ni wa Wahaudenosaunee, mwingine ni wa miji ya walowezi. Unasikia nahodha wa boti ya watalii akieleza vivutio, na unawasikia wazee wa Six Nations, yaani mataifa sita ya Wahaudenosaunee, wakiongea juu ya mto huo huo. Kazi nyingine, Third Bank of the River ya mwaka 2009, ni ukuta wa kioo katika kituo cha mpakani Massena, New York, ambako Marekani inakutana na Kanada na nchi ya Wamohawk iko pande zote. Picha za kingo za Mto St. Lawrence zimepangwa humo kwa umbo la mkanda wa safu mbili. Ofisa wa forodha anakagua pasipoti mbele ya waraka unaosema asiushike usukani wa mwenzake. Sidhani ipo kejeli nyingine iliyolipiwa na serikali ikakaa sawasawa namna hiyo.

Na mazingira je? Wageni hudhani hapo ndipo sehemu ya pili ya maonyesho inapoanza: amani huku, viumbe kule. Wenyewe hawakugawanya hivyo. Hakuna kikao kinachofunguliwa kabla ya maneno ya shukrani, ambayo huitwa maneno yanayotangulia yote. Msemaji anaanza na watu, anakwenda kwa dunia mama, maji, samaki, mimea, mazao, dawa, wanyama, miti, ndege, pepo nne, ngurumo, jua, mwezi, nyota, walimu, na Muumba. Mpangilio hutofautiana kidogo na msemaji anaweza kufupisha au kurefusha, lakini kila kifungu kinafungwa kwa maneno yenye maana ya kwamba sasa nia zetu ni moja, na waliokaa wanaitikia. Ni kazi ya kikatiba: wajumbe waliokuja na ugomvi wao wanakubaliana kwanza juu ya mambo kumi na kadhaa yasiyobishaniwa na mtu. Wakifika kwenye ajenda tayari wamekwisha kusema ndiyo pamoja mara nyingi. Na waliotajwa hawakutajwa kama mali. Kila mmoja ametajwa kuwa bado anaitimiza kazi yake, samaki wanayasafisha maji, mwezi unaongoza majira, na swali linalobaki kwa binadamu kikaoni ni kama naye anaitimiza yake.

Kwa hiyo ziwa lililo nje ya kituo cha Skä•noñh ni sehemu ya maonyesho hata kama hakuna aliyelibandika maelezo. Kuanzia mwaka 1884 kiwanda cha Solvay kilitengeneza hapo magadi ya viwandani, bidhaa ile ile inayotoka Ziwa Magadi kule Kenya, na kumwaga takataka zake ufukoni. Kuogelea kulipigwa marufuku mwaka 1940. Kati ya 1946 na 1970 zebaki ipatayo tani 75 iliingia majini, na mwaka 1970 uvuvi nao ukafungwa. Kazi ya kuchimbua matope ya sumu chini ya ziwa ilianza mwaka 2012, ila sehemu kubwa ya sumu ilifunikwa tu na kuachwa pale pale, jambo ambalo Waonondaga hawajaacha kulilalamikia. Mti wa amani ulipandwa ufukoni hapo.

Kuna vitu hutaviona katika maonyesho yaliyoandaliwa vizuri, na kutokuwepo kwake ni maelezo pia. Mwaka 1995 Baraza Kuu lilitoa tamko kwamba vinyago vya tiba visionyeshwe hadharani, visiuzwe, wala nakala zake zisitengenezwe kwa ajili ya makumbusho. Nitawatii nami nisivieleze. Mikanda mingi utakayoiona ni nakala, na sababu yake ni kesi ndefu. Katika miaka ya 1890 mikanda kadhaa ya Onondaga iliishia mikononi mwa John Boyd Thacher, meya wa Albany. Waonondaga walishtaki wakashindwa, na mjane wake akaikabidhi kwa makumbusho ya jimbo mwaka 1927. Mikanda 12, ukiwemo ule wa Hiawatha, ilirudi Onondaga mwezi Oktoba 1989. Na Januari 2024, kanuni mpya za serikali kuu zilipoyataka makumbusho yapate ridhaa ya wenyewe kabla ya kuonyesha vitu vyao, makumbusho makubwa ya historia ya viumbe jijini New York yalifunga kumbi mbili nzima.

Miongoni mwa mikanda iliyorudi mwaka 1989 ni ule uitwao wa George Washington. Una watu 13 walioshikana mikono, majimbo ya mwanzo ya Marekani, na wengine wawili kando ya nyumba iliyo katikati. Wahaudenosaunee wanauunganisha na mkataba wa Canandaigua wa tarehe 11 Novemba 1794, ulioahidi kwamba ardhi yao haitaguswa. Ni Washington yule yule ambaye majeshi yake mwaka 1779 yalichoma vijiji vyao zaidi ya 40 pamoja na mahindi na miti ya matunda, na ambaye kwa lugha zao anaitwa mharibu miji. Mkataba bado unatekelezwa kwa namna yake: kila mwaka serikali hupeleka vitambaa.

Mwaka 2005 Waonondaga walikwenda mahakamani kudai ardhi ya takriban ekari milioni 2.5. Walieleza tangu mwanzo kwamba hawataki kumhamisha mtu, wanataka kukiri kwa haki na ziwa lisafishwe. Mwaka 2010 mahakama iliitupa kesi kwa hoja kwamba wamechelewa mno, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza. Mwezi Aprili 2014 viongozi wao waliutoa mkanda wa Washington, mkanda halisi wenye miaka zaidi ya 200, wakaubeba mpaka katika mji unaoitwa kwa jina la mtu huyo, wakapeleka malalamiko yao katika Tume ya Haki za Binadamu ya Mataifa ya Amerika. Mwaka 2024 walikabidhiwa hati ya ekari zaidi ya 1,000 katika bonde la Tully, kutoka kwa kampuni iliyorithi kiwanda cha Solvay na deni lake. Ndipo vilipo vyanzo vya kijito kinachoshuka hadi ziwani.